Daftari la michango limekuwa sera ya afya: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya, bima na bajeti

Waheshimiwa,

Jina la mtoto sitaliandika, na picha yake hamtaiona hapa. Imeshazunguka vya kutosha. Mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake, na huu ni mwezi wa kumi na tisa nikiwa mweka hazina wa michango ya matibabu yake. Kazi hii sikuiomba. Usiku ule tulipokaa sebuleni tukijiuliza tuanzie wapi, kaka yangu alinitazama akasema, "Wewe unajua hesabu na huoni haya kudai." Nikakabidhiwa daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la mistari. Nimelichora safu nne kwa rula: jina, ahadi, kilichotolewa, kilichobaki. La kwanza lilijaa, la pili likajaa, sasa niko kwenye la tatu. Ndani yake yumo mtu aliyetuma kiasi kidogo mno, nacho kikapunguzwa na makato ya kutuma, akaandika: "Samahani ni kidogo, nitaongeza mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi akaongeza. Yumo pia mkubwa mmoja aliyeahidi mbele ya watu, na safu yake ya tatu iko tupu mpaka leo. Simtaji. Anajijua, na huenda barua hii ikapita mezani kwake.

Nawaandikia kwa sababu kadiri nilivyozidi kujaza kurasa ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mmelizoea daftari hili. Mmeliingiza kwenye mipango yenu bila kuliandika popote. Mtoto akipatwa na ugonjwa adimu, familia itachangisha. Akikosa dawa, familia haikuchangisha vya kutosha. Kwa hiyo daftari langu ndilo sera, na mimi ndiye mtunga sera, nisiye na ofisi wala mshahara.

Ugonjwa wenyewe ni wa neva, unajulikana kwa herufi tatu, SMA. Nitaueleza kwa maneno niliyomwelezea mama yangu, bibi yake mtoto. Kwenye uti wa mgongo kuna seli za neva ambazo kazi yake ni kuiamrisha misuli: kaa, simama, meza, vuta pumzi. Seli hizo haziishi bila protini fulani, na maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye jeni iitwayo SMN1. Mtoto wetu hana nakala hata moja ya jeni hiyo inayofanya kazi. Mwili una jeni nyingine ya akiba, SMN2, inafanana na ya kwanza kama pacha, ila protini nyingi inayotoa ni pungufu na haidumu. Basi seli zinakufa, moja baada ya nyingine, na iliyokufa hairudi. Akili haiguswi. Binti yetu anaongea kutushinda sote, na anajua ni nani kati yetu akilegezwa kwa maneno mawili atampa simu achezee.

Mama yangu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa hiyo ya akiba haiwezi kuamshwa ifanye kazi vizuri?" Mama hakusoma sana. Lakini swali lake ndilo lililozaa dawa mbili kati ya tatu zilizopo. Nusinersen, inayochomwa kwenye uti wa mgongo, iliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Risdiplam, ambayo ni ya kunywa, ikafuata Agosti 2020. Zote mbili zinaifanya ile jeni ya akiba itoe protini iliyo kamili. Ya tatu, Zolgensma, iliidhinishwa Mei 2019, nayo inapita njia nyingine: inatumia kirusi kisicho na madhara kupeleka nakala nzima ya jeni iliyokosekana, kwa dripu, mara moja tu.

Nimeyataja haya ili msiseme tunawaomba miujiza. Dawa zipo. Zina miaka.

Na kwa yule ofisa aliyemuuliza wifi yangu alikunywa nini akiwa mjamzito: hakunywa kitu. Ugonjwa huu hurithiwa kutoka pande zote mbili. Baba ana nakala moja mbovu, mama ana moja mbovu, na wote ni wazima wa afya bila kujua chochote. Takriban mtu mmoja kati ya 50 anaibeba. Inawezekana kabisa wewe unayesoma hapa ni mmoja wao. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa. Wifi alirudi nyumbani siku ile akalia kwa sababu ya swali hilo kuliko alivyolia siku ya majibu ya maabara.

Majibu hayo yalichelewa miezi sita, na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Mtoto alikuwa na miezi tisa tulipoanza kusumbuka. Alikuwa anakaa vizuri, mgongo umenyooka, lakini ukimshika makwapani umsimamishe miguu inakunjika kama kitambaa. Miezi ilipoendelea vidole vyake vilianza kutetemeka akinyoosha mkono kuchukua kijiko, mtetemeko mdogo mno, usipokaa karibu huuoni. Wifi aliuona. Aliusema kila alipompeleka. Mahali pa kwanza waliandika kwamba mtoto ni mzito, mahali pa pili wakasema ni mvivu tu atachangamka, pa tatu wakampa vitamini. Wa nne, daktari kijana, alimfungua mtoto mdomo akamulika kwa tochi, akautazama ulimi kwa muda mrefu bila kusema neno. Ulimi wa mtoto ulikuwa unachezacheza wenyewe kama maji yanayokaribia kuchemka. Akaandika kipimo cha jeni. Sampuli ilisafirishwa mbali, tukailipia wenyewe, tukasubiri. Siku majibu yanatoka mtoto ana mwaka na miezi mitatu.

Siwalaumu sana waliomwita mvivu. Ugonjwa huu huwapata watoto kama mmoja kati ya 10,000 wanaozaliwa. Mhudumu anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Lakini kuna njia isiyomtegemea mhudumu kubahatisha. Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, siku chache baada ya kuzaliwa, likikaushwa kwenye kadi ya karatasi, linaonyesha kama jeni ya SMN1 haipo. Mtindo wa kadi na kisigino si mpya hata kidogo. Robert Guthrie aliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ugonjwa mwingine wa kurithi. Nchi kadhaa zimeshaiongeza SMA kwenye kadi hiyo hiyo.

Na kuwahi kuna maana gani? Katika utafiti uitwao NURTURE, watoto 25 wenye jeni ya ugonjwa huu walianza nusinersen kabla ya dalili yoyote, ndani ya wiki sita za kwanza za maisha. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitano, wote walikuwa hai, hakuna aliyehitaji mashine ya kupumulia ya kudumu, na walio wengi walikuwa wanatembea wenyewe. Bila dawa, wengi wa watoto wenye aina kali ya ugonjwa huu, inayojitokeza mapema, hufariki au kufungwa mashine kabla ya kutimiza miaka miwili. Binti yetu yeye si wa aina ile kali. Yake ni ya pili, inayojitokeza baadaye. Maana yake ni kwamba tulikuwa na muda mrefu zaidi wa kuwahi, na tuliupoteza wote kwa kuambiwa asubiriwe achangamke.

Tukaanza kuchangisha.

Ngoja niwaeleze kazi hiyo inavyofanyika, maana ndiyo mliyotuachia. Kwanza unahitaji picha. Tulianza na picha moja nzuri sana: amekaa kwenye mkeka, gauni la njano, anacheka hadi fizi zinaonekana. Tuliisambaza wiki mbili. Watu waliandika "mashallah", "Mungu amlinde", "mtoto mzuri". Fedha hazikuja. Halafu akapata nimonia akalazwa, na mjomba wake akampiga picha akiwa na mirija ya oksijeni puani, macho yamefumba. Siku tatu za picha ile zilizidi zile wiki mbili zote. Nilikuwa nashika simu, inalia kila dakika, nafurahi na kuona haya kwa pamoja. Wifi aliomba tuifute. Nikamwambia tuiache hadi Jumapili. Tukaiacha hadi Jumapili, na tangu hapo kuna namna ananitazama ambayo sijaizoea.

Pili unahitaji watu wanaojua watu. Kaka yangu anafanya kazi mahali penye wafanyakazi wengi na ana ulimi mtamu. Sisi tulibahatika. Wodini tulikaa vitanda viwili kutoka kwa mama mmoja mwenye mvulana wa miaka tisa, mwenye kifafa kikali cha kurithi ambacho hata jina lake lilikuwa halijapatikana. Mvulana yule hakuwa na picha ya kuwaliza watu. Alikuwa mkubwa, anatokwa na mate, anapiga kelele usiku, watu wanahamisha viti. Mama yake alikuwa na simu ya vitufe. Aliniuliza kwa adabu kabisa: "Dada, na mimi nikitaka kuanzisha kikundi kama chenu naanzia wapi?" Nilimweleza, nikijua hata ninavyomweleza kwamba hatapata. Sijui walipo sasa. Huyo ndiye ninayemfikiria mnapotusifu kwa mshikamano wetu. Michango inamtibu mtoto mwenye shangazi mkaidi na baba mwenye marafiki.

Niungame na hili: wiki moja mtoto mwingine alianza kuchangiwa mtandaoni, ugonjwa mwingine, picha nzuri kuliko yetu. Niliudhika. Niliona anatuchukulia watu. Nililala nikiwa na chuki na mtoto mchanga.

Halafu kuna ile siku ya harambee kubwa, ambayo mmoja wenu alikuja kuwa mgeni wa heshima. Alikuja na wapiga picha. Akatoa bahasha, akambeba mtoto, akashika kipaza sauti akasema "kutoa ni moyo". Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Bahasha niliiandika kwenye daftari na ilikuwa nene, sina ubishi nayo. Ila kwenye mkoba wangu siku ile nilikuwa na nakala ya barua yetu kwa ofisi yake, yenye muhuri wa kupokelewa, imetimiza miezi minane bila jibu. Barua haikuomba bahasha. Ilikuwa na maswali mawili: je, mtalipia dawa hii au hamtalipia, na ni lini mtaamua? Moyo tuliuona siku ile. Saini ndiyo iliyokosekana.

Sasa nifike kwenye hesabu.

Zolgensma ilipotoka ilitangazwa kwa bei ya dola za Marekani 2,125,000 kwa dozi. Tuliichagua hiyo kwa sababu ya yale maneno mawili, "mara moja". Familia inayochangisha inayapenda maneno hayo kuliko dawa yenyewe: unawaambia watu tuchange mara moja, tumalize, hatutawarudia. Tatizo ni umri. Idhini ya Marekani ilikuwa kwa watoto wasiotimiza miaka miwili, na daktari wetu alisema waziwazi kwamba kadiri mtoto anavyokuwa mkubwa na mzito, faida inapungua na hatari kwa ini inaongezeka. Tulikuwa na miezi tisa. Tukaandika kwenu barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila tulipofuatilia tuliambiwa "suala lenu linashughulikiwa". Kwa sababu linashughulikiwa, tukaendelea kuchanga tukiamini kwamba tukifikisha sehemu, ninyi mtajazia. Hakuna aliyetuahidi hivyo. Ni kwamba hakuna aliyetukatalia.

Siku mtoto anatimiza miaka miwili, daftari lilikuwa limefikia sehemu moja kati ya arobaini ya bei ile.

Kuna waliotushauri tujaribu bahati. Mwaka 2020 watengenezaji wa dawa hiyo walianzisha mpango wa kutoa hadi dozi 100 kwa mwaka bure, kwa nchi ambazo haijaidhinishwa, na watoto walikuwa wanapatikana kwa kura. Nimeisoma habari ile mara nyingi. Sijawahi kujua nikae upande gani: watoto mia wamepona kiasi, na wazazi wengine wameambiwa kwamba jina la mtoto wao halikutoka kwenye kapu.

Tukageukia risdiplam, ile ya kunywa, kwa fedha zilizokuwepo. Ndipo nikamuuliza daktari swali ambalo natamani nisingeliuliza: kama tungeanza nayo miezi tisa nyuma, siku ile ile ya majibu, ingekuwaje? Alichukua muda kujibu. Alisema dawa hizi hazifufui, zinalinda kilichobaki. Alipokuwa na mwaka na miezi mitatu, binti yetu alikuwa anakaa bila kushikwa na kugeuka kitandani mwenyewe. Sasa ana miaka miwili na miezi kumi, anavaa koseti ya plastiki ili mgongo usiiname, na usiku anaita ageuzwe. Huita mara mbili au tatu. Anaita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba maji.

Hiyo ndiyo hasara ninayowadai. Kunyimwa Zolgensma siwadai. Mimi ni mweka hazina, najua maana ya fungu lisilotosha. Najua mtu anaweza kukaa mezani akauliza dozi moja ya fedha hizi ingechanja watoto wangapi, ingenunua vitanda vingapi vya kujifungulia, na hilo ni swali halali, wala anayeliuliza si mkatili. Mngeandika: "Tumepima, hatutaweza, vigezo vyetu ni hivi, jaribuni njia nyingine." Ningekasirika siku mbili. Siku ya tatu tungeanza dawa ya kunywa. Hapana yenye sababu ningeweza kuibeba hadi nyumbani. "Linashughulikiwa" ilitugharimu miezi tisa ya seli za neva, na sababu iliyowawezesha kukaa kimya miezi yote hiyo ni kwamba mlituona tunachangisha. Mkajua kuna kitu kinaendelea.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halina gharama ya dawa yoyote. Familia ikileta ombi la matibabu ya ugonjwa adimu, ipewe jibu la maandishi ndani ya muda unaojulikana. Siku thelathini zinatosha. Kwa ugonjwa unaoua seli kila siku hata hizo ni nyingi. Jibu liseme ndiyo au hapana na kwa nini, na liseme mahali pa kukata rufaa. Liwe sawa kwa mtoto wa mwenye ulimi mtamu na kwa yule mvulana wa miaka tisa.

La pili ni kadi ya kisigino, nimeshaieleza. Ongezeni na kipimo cha jeni kwa watoto ambao dalili zimeshaonekana, kilipiwe na bima au na mfuko wa umma, kwa sababu familia nyingi huishia hapo hapo, kabla hata ya kujua waombe dawa gani.

Bei. Mtasema bei hampangi ninyi. Ni kweli, lakini anayenunua peke yake kwa mtoto mmoja hana sauti, na hivyo ndivyo mnavyotuacha tununue. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, na wataalamu wengi walisema maskini wasahau. Mwaka uliofuata mtengenezaji mmoja wa India akatangaza bei ya chini ya dola moja kwa siku, na Novemba 2001 nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zikakubaliana huko Doha kwamba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki dawa peke yake, zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. SMA si UKIMWI, wagonjwa ni wachache na soko ni dogo, naelewa. Lakini nchi kadhaa zikikaa meza moja na muuzaji zikiwa na orodha moja ya wagonjwa, wachache hao si wachache tena. Tena magonjwa adimu kwa ujumla wake yanakadiriwa kuwagusa watu zaidi ya milioni 300 duniani. Wawakilishi wenu waliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2021 kuhusu watu hawa na familia zao, na Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha lake. Nimeyasoma yote mawili. Ni maandishi mazuri. Yaleteni nyumbani.

Na kuna mambo ambayo hakuna picha itakayoyachangia. Binti yetu hana nguvu ya kukohoa. Akipata mafua ya kawaida, wifi humlaza kifudifudi mapajani, kichwa kikiwa chini kidogo, akakunja kiganja kama kikombe na kumpigapiga mgongoni, upande huu dakika kumi, upande ule dakika kumi, makohozi yashuke. Alifundishwa mara moja, kwa nusu saa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye tulimlipa wenyewe. Kuna mashine ya kusaidia kukohoa. Kuna kiti cha magurudumu kinachoshika mgongo. Nilijaribu kuandika tangazo la kuchangia vikao vya mazoezi ya viungo. Walichangia watu sita, wanne ni ndugu. Watu wanachangia muujiza. Mazoezi ya kila Jumanne kwa miaka kumi yanahitaji bajeti, na bajeti ni yenu.

Sasa dawa. Risdiplam inakuja kwenye chupa yenye miligramu 60 ndani ya mililita 80, na hukaa kwenye jokofu. Mtoto aliyezidi miaka miwili na ambaye hajafika kilo 20 hupewa robo ya miligramu kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu. Tulipoanza alikuwa na kilo 10: miligramu 2.5 kwa siku, chupa siku 24. Sasa ana kilo 12: miligramu 3, mililita nne kamili, chupa siku 20. Mtoto asiyeweza kutafuna vizuri kuongeza kilo mbili ni sherehe nyumbani. Wifi alipiga vigelegele mbele ya mzani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshaondoa siku nne kichwani. Akifika kilo 20 dozi itasimama kwenye miligramu 5, na chupa itaisha kwa siku 12.

Kila chupa ni duru mpya ya michango. Wale wa duru ya kwanza wamechoka, na wana haki. Yule wa "nitaongeza mwisho wa mwezi" alinipigia wiki iliyopita kuomba radhi kwamba amepoteza kazi. Alipiga kuomba radhi. Mimi niliyemdai mtu aliyekuwa hadaiwi kitu nilikosa la kumwambia.

Nakala ya barua hii naileta kwa mkono kwenye ofisi zenu tatu, na nitaomba muhuri wa kupokelewa kwenye kila moja. Nambari yangu iko kwenye faili la mtoto, lile lile la barua za mwanzo. Leo ni siku ya tisa ya chupa iliyopo jokofuni.

Shangazi wa mtoto,
mweka hazina.